Dini katika vyuo vikuu vya umma vya Marekani: majibu kwa barua zenu

Mwezi huu nimepokea barua nne zinazozunguka jambo moja, na kwa kuwa kila moja inaligusa kwa upande wake, nimeona ni afadhali nizijibu zote mahali pamoja kuliko kuzitawanya katika matoleo mbalimbali.

SWALI: Ndugu mwandishi, binti yangu amepata nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo kikuu cha serikali ya jimbo huko Marekani. Sisi ni Waislamu. Binti huyu hakosi swala, wala hatoki nje bila hijabu. Jamaa yetu mmoja ananiambia kwamba huko dini na serikali zimetenganishwa kwa ukuta, na kwamba ndani ya chuo cha umma hata kuswali ni mpaka mtu ajifungie chumbani. Je, ni kweli? Ungekuwa wewe, ungemruhusu aende? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, jamaa yako hakukosea kusema kwamba ukuta upo, alichokosea ni kumtaja aliyezuiwa na ukuta huo. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanatamka mambo mawili kuhusu dini kwa pumzi moja: Bunge halitatunga sheria ya kusimika dini, na wala halitatunga sheria ya kuwazuia watu kuifuata dini yao kwa uhuru. Hapo mwanzo maneno hayo yaliifunga serikali kuu peke yake, lakini hukumu za Mahakama ya Juu za mwaka 1940 na 1947 zilieleza kwamba serikali za majimbo nazo zinafungwa nayo, na chuo kikuu cha jimbo ni mkono wa serikali ya jimbo. Kwa hiyo chuo atakachosoma binti yako hakina mamlaka ya kumwamuru aswali, na hakina mamlaka ya kumkataza asiswali. Binti yako mwenyewe si serikali, na katazo hilo halimhusu.

Neno hilo “ukuta” lina asili yake, na naomba uvumilie niieleze, kwa sababu naamini itakutuliza kuliko kifungu chochote cha sheria. Tarehe 1 Januari 1802, Rais Thomas Jefferson aliwaandikia barua Wabaptisti wa Danbury, katika jimbo la Connecticut, na ndani yake akazungumzia ukuta wa kutenganisha kanisa na serikali. Wabaptisti hao walikuwa waumini wa dhati, wachache katika jimbo ambalo sheria zake zililibeba kanisa la Congregational, hali iliyoendelea hadi mwaka 1818. Aliyetaka kusamehewa kodi ya kanisa lisilo lake alipaswa kupeleka cheti cha kuthibitisha kwamba anasali kwingine. Walimwandikia Rais wakilalamika kwamba uhuru wao wa dini ulichukuliwa kama hisani waliyofanyiwa na watawala, wala si haki waliyozaliwa nayo. Tafadhali liangalie jambo hilo vizuri: waliojibiwa kwa neno “ukuta” ni watu waliokuwa wakiomba nafasi ya kusali, na ukuta wenyewe ulikusudiwa kumzuia mtoza kodi na mtunga sheria wasiingie msikitini, kanisani au hekaluni mwa mtu.

Kwa vyuo vikuu hasa, kesi ya kuijua ni ile ya Widmar dhidi ya Vincent, iliyoamuliwa Desemba 1981. Katika Chuo Kikuu cha Missouri, kampasi ya Kansas City, kulikuwa na vyama vya wanafunzi zaidi ya 100 vilivyotambuliwa rasmi na kuruhusiwa kutumia vyumba vya chuo. Kimoja kiliitwa Cornerstone, chama cha vijana Wakristo ambacho mikutano yake ilikuwa na sala, nyimbo, ufafanuzi wa Biblia na ushuhuda. Mwaka 1977, baada ya kuwaruhusu kwa miaka kadhaa, chuo kiliwaambia hawawezi tena kukutana humo, kwa kuwa kanuni zake zilikataza majengo ya chuo kutumika kwa ibada au mafundisho ya dini. Chuo kilidhani kwamba kwa kufanya hivyo kinaulinda ukuta. Majaji wanane kati ya tisa walisema la: chuo kikishafungua vyumba vyake kwa vyama vyote vya wanafunzi, hakiwezi kukifungia mlango chama kimoja kwa sababu tu kinachosemwa humo ni cha dini, na kukiruhusu chumba hakuna maana kwamba serikali imeiunga mkono dini hiyo, kama vile kumruhusu mkomunisti azungumze katika ukumbi huohuo kusivyomaanisha kwamba chuo kimekuwa cha kikomunisti. Kesi ilifunguliwa na Wakristo, lakini leo chama cha wanafunzi Waislamu kinachoomba chumba kwa ajili ya swala ya Ijumaa kinasimama juu ya hukumu hiyohiyo.

Nikupe na mfano ulio karibu zaidi na maisha ya binti yako. Katika kampasi ya Dearborn ya Chuo Kikuu cha Michigan, ambako wanafunzi Waislamu ni wengi, wanafunzi walikuwa wakitawadha kwenye masinki ya kunawia mikono. Fikiria msichana amesimama kwa mguu mmoja, wa pili ameuinua ndani ya sinki, maji yanachuruzika sakafuni, na nyuma yake kuna foleni ya watu wanaotaka kunawa waende darasani. Mwaka 2007 chuo kikatangaza kwamba kitajenga mahali pa chini pa kuoshea miguu, kwa gharama ya dola 25,000 hivi. Kelele zikawa nyingi. Wapo waliosema serikali imeanza kuujengea Uislamu. Chuo kilijibu kwamba ni suala la usafi na usalama, na kwamba yeyote anaweza kupatumia. Hata shirika maarufu la kutetea uhuru wa raia katika jimbo hilo, ambalo kwa kawaida halisiti kwenda mahakamani kuulinda ukuta, halikufungua kesi. Mimi naona chuo kilifanya sawa. Kumwekea mtu maji si kumfundisha dini.

Kuhusu hijabu, huenda jamaa yako amechanganya nchi. Uturuki iliwahi kuwazuia wasichana wenye mtandio vyuoni, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliunga mkono katazo hilo Novemba 2005 katika kesi ya Leyla Şahin, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Istanbul. Ufaransa nayo, kwa sheria ya Machi 2004, ilikataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za umma, ingawa sheria hiyo haiwahusu wanafunzi wa vyuo vikuu. Nchi zote hizo hutumia neno lilelile la kutenganisha dini na serikali, lakini kila moja inakusudia kitu chake. Kwa Marekani, binti yako ataingia darasani na hijabu yake, na mhadhiri hana mamlaka ya kumwambia aivue.

Umeniuliza kama ningemruhusu. Ningemruhusu, mama, lakini nisingemwambia kwamba hatakutana na jicho baya. Sheria inaizuia ofisi; haiwezi kumzuia mwanafunzi mwenzake asimkodolee macho. Wiki ya kwanza na aende katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi aulize mambo mawili tu: chumba cha swala kiko wapi, na chama cha wanafunzi Waislamu kinakutana lini. Na uhakikishe, kabla hajaondoka, kwamba chuo hicho ni cha umma kweli. Vyuo binafsi kama Notre Dame cha Wakatoliki, au Brigham Young cha Wamormoni, havifungwi na Marekebisho ya Kwanza. Vina haki ya kuwa na dini yavyo na kanuni zavyo, na yote niliyoyaeleza hapo juu hayavihusu.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Nasoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha umma huko Marekani. Wanafunzi wachache tumeanzisha ushirika wa kusoma Biblia, na tulipoomba usajili tukakataliwa, kwa sababu katiba yetu inasema kiongozi ni lazima awe anaikiri imani yetu. Ofisi ya wanafunzi inauita huo ubaguzi. Inawezekanaje ushirika wa Kikristo uongozwe na asiye Mkristo? Je, huku si kuonewa kwa sababu ya dini? – Katibu wa ushirika

JIBU: Marahaba. Yawezekana mnaonewa, na yawezekana hamuonewi, na siwezi kusema ni lipi mpaka nijue jambo moja ambalo hukuliandika: vyama vingine vinafanyiwaje?

Iko hukumu ya mwaka 2010 inayokwenda kinyume chenu. Chuo cha sheria cha Hastings, kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha California, kilikuwa na kanuni kwamba chama chochote kinachotaka kusajiliwa lazima kimpokee mwanafunzi yeyote kuwa mwanachama, na hata kugombea uongozi. Chama cha wanasheria Wakristo kilikataa, kwa kuwa kilitaka wanachama watie saini tamko la imani. Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema kanuni hiyo ni halali, kwa sababu inawabana wote sawasawa: chama cha siasa kinambeba mpinzani wake, chama cha mazingira kinambeba asiyejali miti, na chama cha dini vilevile.

Lakini ipo nyingine ya mwaka 2021, kutoka mahakama ya rufani, dhidi ya Chuo Kikuu cha Iowa. Chuo hicho kilikifutia usajili chama cha wanafunzi Wakristo wa masomo ya biashara kwa sababu kama ile mliyopewa ninyi, huku kikiviacha vyama vingine vichague wanachama au viongozi kwa jinsia, kwa asili au kwa msimamo wao. Hapo chuo kilishindwa. Kanuni dhidi ya ubaguzi yenyewe ilikuwa nzuri. Kilichokiangusha chuo ni kuitumia kwa baadhi na kuwasamehe wengine.

Kwa hiyo kabla ya kulalamika, ombeni kanuni hiyo kwa maandishi, kisha zisomeni katiba za vyama vilivyokwisha kusajiliwa. Kama kuna hata chama kimoja kinachoruhusiwa kuweka sharti kwa viongozi wake, nakilini kifungu hicho neno kwa neno mkiambatanishe na rufaa yenu. Kama kweli hakuna, basi mna njia ya kukutana bila usajili, jambo ambalo hakuna awezaye kuwakataza, ingawa mtakosa fedha na vyumba vya bure.

Na kwa kuwa nimetaja fedha: msikubali kuambiwa kwamba fedha ya chuo haiwezi kuugusa ushirika kwa kuwa ni wa dini. Chuo Kikuu cha Virginia, ambacho Jefferson huyohuyo alikianzisha mwaka 1819 na kukiwekea katikati yake maktaba mahali ambapo wengine wangeweka kanisa, kilikataa kulipa dola 5,862 za uchapaji wa jarida la wanafunzi Wakristo, ilhali mfuko huohuo, uliotokana na ada ya dola 14 ambayo kila mwanafunzi alilazimika kulipa kila muhula, ulikuwa ukigharamia magazeti mengine, likiwamo jarida la wanafunzi la kuueleza Uislamu. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu iliamua, tena kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kulinyima jarida hilo kwa sababu ya mtazamo wake ni kuvunja uhuru wa kujieleza. Majaji wanne waliopinga waliona kwamba serikali imelipia mahubiri moja kwa moja, na sioni kama hoja yao ni ya kubezwa. Hata hivyo hukumu ndiyo hiyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninafuatilia mambo haya kwa sababu mwanangu anafundisha katika chuo cha jimbo huko. Ikiwa mwanafunzi ana uhuru wote huo, kwa nini mhadhiri akatazwe kufungua kipindi kwa sala, au kuwaambia vijana ukweli anaouamini? Je, yeye si raia? – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, umeligusa jambo ambalo wengi hawaliulizi. Mhadhiri ni raia, na akiwa kanisani, barabarani au nyumbani kwake ana uhuru wote. Ila anaposimama mbele ya darasa la chuo cha umma, anasimama kwa mshahara wa serikali, na mkononi ana kalamu ya kutolea alama.

Ipo kesi ya Phillip Bishop, mhadhiri wa fiziolojia ya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Alabama. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mara chache darasani aliwaeleza wanafunzi kwamba imani yake ndiyo inayoongoza maisha na kazi yake, na mara moja aliandaa mhadhara wa hiari, nje ya ratiba, kuhusu ushahidi wa Mungu katika maumbile ya mwili wa binadamu. Baadhi ya wanafunzi wakalalamika, mkuu wake akamwandikia aache, naye akaenda mahakamani. Alishinda mara ya kwanza, lakini mwaka 1991 mahakama ya rufani iliamua kwamba chuo kina haki ya kusema nini kifundishwe katika darasa lake, na kwamba kumwagiza asiingize imani yake katika masomo hakukuwa kumnyima dini. Sikufichi kwamba namhurumia Bishop, kwa maana aliyoyasema yalikuwa machache na ya heshima. Lakini najaribu kujiweka katika kiti cha mwanafunzi aliyekuwa akimsikiliza, asiye wa imani hiyo, ambaye hajui kama kutikisa kichwa kutampunguzia alama. Mwanafunzi huyo hana pa kulalamikia bila kujitambulisha. Wewe umefundisha, Mwalimu. Unajua jinsi kijana anavyousoma uso wa mwalimu wake kabla hajajibu swali.

Hilo si sawa na kufundisha kuhusu dini. Mahakama ya Juu, katika hukumu yake ya mwaka 1963 iliyozuia usomaji wa Biblia wa kiibada mashuleni, ilieleza wazi kwamba kuisoma Biblia kwa ajili ya fasihi na historia, au kulinganisha dini mbalimbali, hakuna ubaya. Vyuo vingi vya umma vina idara za masomo ya dini. Mwanao anaweza kufundisha habari za Kurani, Zaburi au Veda muhula mzima, ilimradi asimdai mwanafunzi aamini.

Katika sherehe za chuo mambo huwa magumu zaidi, na hapa mahakama zenyewe hazikwenda njia moja. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Tennessee, mhadhiri wa uhandisi aliyekuwa Mhindu alipinga sala zilizokuwa zikitolewa kwenye mahafali na hafla nyingine. Chuo kikaziondoa, kikaweka mahali pake dakika ya ukimya. Ilipofika dakika hiyo kwenye mahafali, ukumbi ulinyamaza, kisha sauti zikainuka kutoka kwa waliohudhuria, na wengi wakaisema Sala ya Bwana kwa pamoja. Mhadhiri alirudi mahakamani. Mwaka 1997 mahakama ya rufani ilikataa dai lake: ukimya haukuwa na kosa, walioisema sala ile hawakuwa chuo bali watu binafsi, na hata zile sala za awali hazikutosha kumlazimisha mtu mzima, ambaye angeweza kukaa kimya au kutohudhuria kabisa. Mwaka huohuo mahakama nyingine ya rufani iliruhusu sala ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Indiana.

Mwaka 2003 hali ikawa tofauti. Katika chuo cha kijeshi cha jimbo la Virginia, makuruti walisimama wima kila jioni kabla ya chakula wakisomewa sala. Vijana wawili walishtaki, na mahakama ikaizuia sala hiyo. Makuruti nao walikuwa watu wazima, sawa na wahitimu wa Tennessee, ila kwa mfumo wa amri uliokuwapo pale, neno “hiari” lilikuwa jina tu. Mimi nakubaliana na hukumu ya Virginia bila kusita. Ile ya Tennessee nakubaliana nayo nusu: juu ya dakika ya ukimya, ndiyo, juu ya sala rasmi kwenye kipaza sauti cha chuo, sivyo. Mwaka ule mwanafunzi anapohitimu, amefanya kazi miaka minne ili mama yake amwone akiitwa jina, na kumwambia “kama hupendi, usije” si jibu ambalo serikali ingepaswa kumpa.

Ongeza pia kwamba mwaka 2022, katika kesi ya kocha wa shule ya sekondari aliyepiga magoti kusali uwanjani baada ya mechi, Mahakama ya Juu ilimpa haki kocha na kusema kwamba mambo haya sasa yapimwe kwa historia na mapokeo ya nchi. Mwanao asidhani kwamba hukumu hiyo imemfungulia darasa. Kocha alihesabiwa kuwa anasali kwa niaba yake mwenyewe, katika muda ambao hata wafanyakazi wengine walikuwa huru kushughulikia mambo yao binafsi.

SWALI: Mimi ni Msabato. Mtihani wangu wa mwisho umepangwa Jumamosi. Nina haki gani? – Mwanafunzi

JIBU: Katiba peke yake haitakusaidia sana. Tangu hukumu ya mwaka 1990 iliyotoka katika jimbo la Oregon, kanuni inayowahusu watu wote bila kuilenga dini hailazimiki, kwa Katiba ya nchi, kumsamehe muumini. Ratiba ya mitihani kwa kawaida ni kanuni ya namna hiyo. Msaada wako uko katika sheria za majimbo na taratibu za vyuo vyenyewe. Jimbo la New York, kwa mfano, lina sheria inayovitaka vyuo vimpe nafasi ya kufidia mtihani mwanafunzi aliyeukosa kwa sababu ya imani yake, bila kumtoza ada ya ziada. Jimbo la Washington nalo lilitunga sheria yake mwaka 2019, inayomtaka mwanafunzi atoe taarifa ndani ya wiki mbili za mwanzo wa somo.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza haki yao. Wanangoja mpaka wiki ya mtihani, wanaandika barua ya machozi, na mhadhiri anajibu kwamba muda umepita. Siku utakayopewa silabasi, keti na kalenda, weka alama kwenye kila Jumamosi yenye zoezi au mtihani, na uandike barua moja fupi ikizitaja tarehe zote, kisha utunze nakala na jibu. Mama wa barua ya kwanza amwelekeze binti yake hivyohivyo kwa ajili ya Idd, ila kwa kuwa Idd hungoja mwandamo wa mwezi, binti aandike tarehe mbili zinazofuatana na kueleza kwamba itakuwa mojawapo, na kwamba atamjulisha mhadhiri usiku mwezi utakapoonekana.